Vibao viwekwe Mto Pangani kabla daraja halijafunguliwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Mimi ni dereva wa Noah ya kukodi hapa Moshi, na msimu wa sikukuu huwa napeleka familia Pangani kuogelea baharini. Abiria wengi hulala kuanzia Mwanga, wakaamka Mombo kwa ajili ya chakula. Hawana habari kwamba maji ya Kilimanjaro na Meru yanashuka nao upande wa kulia katika Mto Pangani, yakitokea bwawa la Nyumba ya Mungu.

Ukitoka Korogwe kwenda Segera unauvuka mto. Ukikata kushoto kwenda Tanga, unauvuka tena pale Hale, penye mitambo ya umeme ya megawati 21. Mama mmoja aliwahi kunigombeza: "Dereva, mbona unatuzungusha? Mto huu si tumeshaupita?" Nikamwambia ni huohuo, mama, hatujazunguka. Hakuniamini mpaka Muheza, tuliponunua machungwa na muuzaji akaniunga mkono.

Njia ya mkato ya Muheza hadi Pangani ikiharibika kwa mvua, napitia Tanga, na hapo nawashusha Tongoni. Kuna magofu ya msikiti na makaburi ya kale ya Waswahili. Jirani na hapo, mwaka 1499, Wareno wa Vasco da Gama waliichoma wenyewe meli yao São Rafael kwa sababu mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuiendesha.

Pangani kwenyewe ndiko kunakoniuma zaidi. Mwaka 1888 wakala wa kampuni ya Wajerumani, Emil von Zelewski, ambaye watu walimpachika jina la Nyundo, alilazimisha bendera ya kampuni ipandishwe, na mji ukawaka. Abushiri bin Salim aliongoza vita hivyo, akanyongwa hapohapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Nyundo naye aliuawa na Wahehe wa Mkwawa kule Lugalo mwaka 1891. Vijana ninaowapeleka wamesoma Lugalo darasani, lakini wanapiga picha mbele ya Boma la Pangani bila kujua kwamba visa hivyo viwili vinamhusu mtu mmoja.

Sasa linajengwa daraja la mita 525 la kuvukia kwenda Bweni, ng'ambo ya mto, kwenye barabara ya Tanga hadi Bagamoyo. Nalisubiri kwa hamu, maana foleni ya kivuko naijua. Ila likishafunguliwa, magari yatapita Pangani bila hata kupunguza mwendo.

Ombi langu kwa wahusika: wekeni vibao Korogwe, Hale, Tongoni na Pangani, vyenye maelezo ya Kiswahili yanayosomeka, si jina na nembo tu. Na kando ya kila kibao pawe na sehemu ya kuegesha. Sasa hivi nikisimama darajani kuwaonyesha watu mto, trafiki ananiandikia faini, na kwa kweli ana haki.

Dereva wa Noah,
Moshi