Bethidei ya Rubani, na kaniki usisahau

Malindi, Jumapili usiku

Shoga yangu,

Salaam aleikum, hujambo wewe na mwanao, na mguu wa mamako umepoa? Mimi sijambo ila kichwa ndo si changu. Juzi ulinipigia nikakukatia, najua ulinuna, lakini walahi mikono ilikua imejaa gundi mpaka kwenye viwiko. Sa hii wote wamelala, bas acha nikuandikie kwa utulivu manake kwa simu hatumalizi na kuna vitu nataka uje navyo.

Unajua mwanangu atimiza sita tarehe 12 Disemba, siku ya Jamhuri kama kawaida yake. Mwaka huu hataki keki ya gari wala hataki simba. Ataka anga za juu. Tangu aone picha ya mwanaanga anaelea ndani ya chombo chao huko juu hatuna raha, jina lake haitiki tena, ukimwita atazama ukutani mpaka useme Rubani ndo ageuke. Juzi ustadh wa chuoni amemwita mara tatu, ikabidi mwenzake amsaidie ustadh.

Nilianza vibaya, nakiri. Nilikaa na simu nikiangalia picha za bethidei za watu, baluni mia tatu, meza yote rangi ya fedha, keki imesimama kama mnara. Nikamtafuta yule fundi wa keki (unamjua, simtaji) akaniambia keki ya roketi elfu nane, na ile ya mwaka jana si aliileta saa mbili usiku watoto washalala mkekani? Nikazima simu. Halafu mavyaa nae hataki kusikia mishumaa, asema bethidei yenyewe kaivumilia tu, mishumaa ya kupuliza hapana. Siku mbili nilikua nimenyong'onyea kabisa.

Aliyeniokoa ni Ami. Alikuja kunywa chai, akanikuta nakata maboksi, akauliza nafanya nini, nikamwambia roketi. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema nyinyi mwatafuta roketi kwenye simu na zilikua zarushwa hapo Ngomeni! Mimi nilikua najua kuna mambo ya Wataliano kule lakini sikuwahi kuyatia akilini, si unajua kitu cha kwenu hukioni. Kumbe ni kweli tupu. Majukwaa yao ya kurushia yamesimama na miguu baharini, San Marco na Santa Rita, na setilaiti ya kwanza ilirushwa pale mwaka 1967. Sasa sikiliza hii: tarehe 12 Disemba 1970 ilirushwa pale setilaiti ya Wamarekani, na kwa vile ilikua ni siku yetu ya uhuru wakaipa jina Uhuru. Jina la Kiswahili shoga! Na haikua ya mchezo, ndo setilaiti ya kwanza duniani iliyopelekwa juu kwa kazi moja tu, kutazama nyota zinazotoa miale ya eksrei. Tarehe ile ile ya mwanangu. Nilipomwambia Rubani hakushangaa hata kidogo, aliniangalia kama mtu aliyekua anajua zamani.

Ami mwenyewe alikua mtoto, wako ufuoni na wenziwe, asema ulisikika mngurumo halafu moshi ukapanda juu umenyooka kama kamba ya nanga, ila badala ya kushuka yapanda. Hakumbuki ilikua ni ipi kati ya zote zilizorushwa, na mimi sikumshikilia. Nimemwambia siku hiyo akae kitini awahadithie watoto, ameshaanza kuulizia kofia gani avae. Amenieleza pia kwa nini walichagua huku kwetu, nikaja kusoma nikakuta ni kweli, kwamba karibu na ikweta ardhi yazunguka kwa kasi kuliko kwengine, kama kilomita 1,670 kwa saa, kwa hiyo roketi likirushwa kuelekea mashariki lapata msukumo wa bure. Na mashariki kwetu ni bahari, likianguka halimwangukii mtu.

Bas tangu hapo mambo yamekua mepesi, manake nimeacha kutafuta vitu vya dukani nikaanza kuangalia ndani ya nyumba. Roketi ni katoni la friji nimelipata bure, juu nimelivika kawa. Ile kawa kubwa ya bibi, ya ukindu mwekundu na zambarau, imekaa kileleni utadhani ilisukwa kwa kazi hiyo. Sayari ya Zohali ni mpira nimeukalisha kwenye kata ya kujitwikia maji, pete hiyo tayari. Mabuyu ndo mawe ya Mirihi, mekundu vile vile na yatawatia ndimi rangi ndo starehe yao. Kaimati ni vimondo. Na keki hakuna, kuna mkate wa sinia, nikiutoa kwenye mkaa juu unakua na vile vitundu na madoa ya kuungua, ukiutazama ni mwezi mpevu huo. Mavyaa amefurahi hapo kwenye mkate wa sinia, amesema ataupika yeye, mimi wangu wavimba upande mmoja.

Majina ya sayari yametuletea kesi kidogo. Ile ilio karibu zaidi na jua Ami asema Utaridi, kitabu cha shule chasema Zebaki, tukabishana chai ikapoa. Na Zuhura nae, si unajua jirani yetu ni Bi Zuhura, Rubani amemfuata mpaka mlangoni kumuuliza mbona yeye ana joto kuliko Zebaki na si yeye alie karibu zaidi na jua. Bi wa watu akadhani ametumwa na mtu.

Kuna mchezo mmoja nimeupenda sana, nimeupigia hesabu mwenyewe. Dunia naifanya punje ya mbaazi. Ukifanya hivo jua lake ni sinia, lile kubwa la pilau la arusi, Mshtarii ni chungwa, mwezi ni punje ya ufuta na wakaa mbali na mbaazi kama shubiri moja. Halafu sinia liache uani kwetu, mbaazi uipeleke mita 80 hivi, yaani kwenye duka la kona pale! Nilitembea mwenyewe na mbaazi yangu mkononi nikihesabu hatua, muuza duka akaniuliza nimepoteza nini. Nataka watoto waende wote kwa foleni, mmoja ameshika mbaazi, wageuke walitazame sinia kutoka kule.

Badala ya mishumaa tutahesabu kumi mpaka sifuri, turushe roketi la chupa. Nimelijaribu. Chupa ya soda ya nusu lita, vijiti vitatu umevibandika kwa selotepu iwe miguu, ndani siki kama vikombe viwili vya kahawa, bekingi soda kijiko umekifunga kwenye tishu kama kibahasha (tishu ndo inakupa nafasi ya kukimbia), unatumbukiza, unaziba kwa kizibo, unaipindua isimame kwa miguu yake, unatoka mbio. Vizibo vile vya gome nimeviomba kwa Wataliano wa nyumba ya pili, wanavyo tele na sababu twaijua mimi na wewe. Mara ya kwanza kizibo kililegea, siki ikachuruzika tu, aibu. Mara ya pili nikakikaza. Yalaa! Ilifyatuka kwa kishindo, ikapita juu ya ukuta, ikaenda kutua kwenye kanzu ya mume wa Bi Zuhura, nyeupe, ya Ijumaa, iko kambani. Nimeifua mwenyewe mara mbili na bado yanukia kachumbari. Kwa hiyo siku yenyewe turushie ufuoni, na ni mimi au babake tu atakaekaribia, watoto nyuma ya kamba wote.

Sasa ya kwako. Ukipita Biashara Street nichukulie kaniki, pande mbili, nyeusi kabisa isiwe ile ya kufifia. Nataka niitoboe toboe kwa sindano ya magunia, niitundike chumba cha nyuma na taa nyuma yake, waingie kwa zamu walale chini watazame nyota. Na foili roli tatu kubwa za kupikia, na selotepu, hapa wauza kama dhahabu. Pesa ntakutumia kesho ukiniambia jumla. Baluni usilete, kaskazi hii ya Disemba zapasuka zenyewe na kila moja ikipasuka kuna mtoto analia.

Nimealika kumi na wanne lakini weka ishirini na tano, unaujua mtaa wangu. Tuanze saa tisa na dua kwanza ili mavyaa aridhike, na wewe usiondoke magharibi kama kawaida yako, lala. Manake saa mbili usiku, Mungu akijaalia kusiwe na mawingu, Kilimia, lile kundi la nyota, kitakua kimeshapanda mashariki, na Ami ameahidi kuwaonyesha namna manahodha walivyokua wakikitazama kabla ya kutia tanga. Ile ya Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua anaijua yote, mimi naishia katikati.

Njoo tarehe 11, gari la asubuhi, tupike kaimati pamoja, siwezi peke yangu na lile sufuria. Mwanao mwambie amewekewa cheo, ndie fundi wa mitambo. Ameulizwa na Rubani kama ajua kufunga mlango wa katoni kwa ndani, na kama choo kitakuwepo njiani, nijibu manake kila asubuhi naulizwa mimi.

Wako,
mama Rubani (hata mimi jina limeshabadilika)