Risala ya Chama cha Sayansi kwa Mgeni wa Heshima: Samaki na Mto Wenye Matawi

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu, hamjambo?

Tulipotangaza gwarideni kwamba chama chetu kitachunguza samaki wa Mto Nairobi kwa kompyuta, kicheko kilisikika hadi jikoni. "Samaki gani? Wa mifuko ya plastiki?" Hatukukasirika. Sisi wa Eastlands tunaijua harufu ya mto huo. Lakini mto haukomi Eastlands. Unatoka kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, unapokea maji ya Mathare na Ngong, unaingia Athi. Athi nao ukishakutana na Tsavo huitwa Galana, na ukikaribia bahari kaskazini mwa Malindi huitwa Sabaki. Maji tunayoyaruka tukija shuleni huishia Bahari ya Hindi.

Ukiuchora wote ukutani, unapata mti: shina liko baharini, matawi yako vilimani. Ziwani, samaki akizibiwa huku hupitia kule. Mtoni hana pa kuzungukia, njia ni hiyo moja.

Basi tukaunda modeli ndogo, yaani mto wa kuigiza ndani ya kompyuta, yenye vipande 15: kimoja cha shina, viwili juu yake, kisha vinne, kisha vinane. Kila kipande tulikipa kambale wake. Kila mwaka wa kompyuta wanazaa, wanakufa, na wachache wanahamia kwa jirani. Nani afe na nani apone huamuliwa na bahati, kama kurusha dadu, ndiyo maana programu haiendeshwi mara moja bali mara nyingi. (Stima ilipotea tukiwa katikati, tukaanza upya. Tumeshasamehe.) Tulichokiona ni kwamba kijito chenye kambale sita kinaweza kubaki kitupu kwa mwaka mmoja mbaya, hata bila mvuvi kutia ndoano. Chenye mamia hakiishiwi kirahisi. Kijito kidogo huokolewa na majirani: njia ikiwa wazi, wengine hupanda wakakijaza tena.

Tukajiuliza, tukipewa ukuta mmoja tu wa kuziba mto, tuuweke wapi? Vipande 15 vinatoa jozi 105 zinazoweza kupelekeana samaki. Ukuta ukizuia kijito kimoja cha juu kabisa, zinabaki jozi 91. Ukiushusha hadi pale tawi kubwa linapoungana na shina, zinabaki 49, hazifiki hata nusu. Mwalimu wetu wa Hisabati aliipiga hesabu hiyo ubaoni kabla hatujawasha mashine, tukaona haya kidogo. Lakini yeye hakutuambia kambale wangedumu miaka mingapi. Hapo ndipo kompyuta ilipomshinda.

Wapo wanaosema huu ni mchezo wa kompyuta. Mwaka 1926, kabla ya kompyuta hizi, Mwitaliano Vito Volterra alitumia hesabu tupu kueleza kwa nini samaki wanaokula wenzao walizidi katika mavuno ya bahari ya Adriatic wakati Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopunguza uvuvi.

Kwa samaki aitwaye mkunga mambo ni magumu zaidi kuliko kwa kambale. Huzaliwa baharini, hupanda mtoni angali mdogo, hukulia huko miaka mingi, kisha hurudi baharini kuzaa. Ukuta kwenye shina humnyima kila kilicho juu yake. Kwa hivyo Bwawa la Thwake kule Makueni, lililo kwenye Athi wenyewe, haliwezi kupimwa kwa kipimo cha kibwawa cha shamba huko Kiambu.

Na ukuta si lazima uwe wa mawe. Maji yaliyoishiwa oksijeni humrudisha samaki vilevile. Kambale huvumilia kwa kuwa hupanda juu kuvuta hewa, wengine wengi hawawezi. Tukisafisha vijito vya juu na kuacha uchafu pale mito yetu inapokutana kuelekea Athi, samaki wa chini hawatavifikia kamwe. Kwa maoni yetu, macho ya jiji yaelekee huku mashariki kwanza. Ndiyo, tunaishi huku, lakini jozi 49 hazikuhesabiwa kwa upendeleo.

Mheshimiwa, modeli yetu ina kasoro: viwango vya kuzaa na kufa tulivikisia. Kwa hivyo hatukuombi kompyuta, ingawa ukileta hatutazirudisha. Tunakuomba ututafutie ruhusa ya kuandamana na maafisa wa uvuvi siku moja kwa mwezi, tuvue, tuhesabu, tupime urefu, tuwarudishe majini. Na kipimo kimoja cha oksijeni.

Kompyuta iko mezani, kushoto kwako, imeshawashwa. Kabla ya hotuba yako, tafadhali weka ukuta mahali upendapo, tuone pamoja kitakachotokea.

Ni sisi wako watiifu,
Wanachama wa Chama cha Sayansi