Risala ya Chama cha Kiswahili kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kiswahili Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kusherehekea nasi. Pengine ulitegemea risala ya Shaaban Robert. Mwaka huu tumekwenda mbali kidogo, hadi jimbo la Karnataka, kusini mwa India, kwa mzee aliyeishi miaka 107, mingi yake akihangaika na maneno.

Mzee huyo ni Ganjam Venkatasubbaiah, aliyezaliwa tarehe 23 Agosti 1913 na kufariki Bengaluru tarehe 19 Aprili 2021. Baba yake naye alikuwa msomi wa Kikannada, lugha ya jimbo hilo, na Kisanskriti, lugha ya kale ya India. Venkatasubbaiah alisoma mjini Mysore, akawa mwalimu wa shule, kisha wa chuo. Vyeo na nishani tutavipita, ila moja lilituchekesha: serikali ya India ilimpa nishani ya taifa ya Padma Shri mwaka 2017, akiwa na miaka 103. Kwa kweli hawakuwa na haraka.

Kilichotuvuta ni kamusi yake. Yeye ndiye aliyekuwa mhariri mkuu wa kamusi kubwa ya Baraza la Fasihi ya Kikannada, yenye juzuu 8, kazi iliyochukua zaidi ya miaka 50. Tulipomuuliza mwalimu wetu kwa nini ilichelewa hivyo, alisema Kikannada kina maandishi ya kwenye mawe tangu karne ya 5, na kila neno lilitafutiwa ushahidi: limeonekana kwenye jiwe gani, au katika shairi la nani. Neno lisilo na shahidi halipiti. Tukanyamaza, maana sisi tulitaka kumaliza kamusi yetu ya maneno ya mtaani kwa muhula mmoja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kuanzia mwaka 1991 mzee huyu alikuwa na safu katika gazeti la Prajavani, jina lake Igo Kannada, yaani “Hiki hapa Kikannada”. Msomaji yeyote aliandika kuuliza neno, naye akajibu. Hilo tuliliiga. Tulichukua katoni ya sabuni, tukaitoboa juu, tukaiweka mlangoni mwa maktaba. Karatasi ya kwanza iliuliza: kuazima na kukopa vina tofauti gani? Tulibishana siku mbili. Mwisho tukakubaliana kwamba jembe unaliazima, kwa kuwa utarudisha lile lile. Sukari unaikopa, kwa kuwa ile uliyoichukua imeshanywewa na chai.

Swali hilo likatuzulia jingine. Mzee Venkatasubbaiah alitunga pia kamusi ya maneno yaliyoingia Kikannada kutoka lugha nyingine. Mkannada naye husema mēju, sābūnu na vakīla, na hapa hakuna anayehitaji mkalimani: ni meza, sabuni na wakili. Je, maneno hayo tuliyaazima au tuliyakopa? Wareno hawajawahi kuja kudai meza yao.

Hadi leo sanduku limepokea maswali 64. Tumejibu 41. Mengine yamekwama, kwa sababu chama kina nakala moja tu ya Kamusi ya Kiswahili Sanifu, tena herufi M imeng'oka kurasa kadhaa. Na daftari letu la maneno hulala juu ya dirisha. Mvua ya Machi iliwahi kulifikia.

Kwa hiyo tunakuomba mambo mawili: nakala 5 za kamusi, na kabati dogo lenye kufuli.

Sanduku bado liko mlangoni mwa maktaba, Mheshimiwa, na kalamu imefungwa kwa uzi kando yake. Ukitoka, kama kuna neno linalokusumbua, tumbukiza.

Karibu sana uzungumze nasi.

Ni sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili.