Aliniambia nitabadilisha kadi tu

Kaka, salamu kwako na kwa safu yako.

Ni saa tisa usiku na sijalala. Niko sebuleni gizani, mbele yangu kimebaki kitaa cha buluu cha prosesa, ile mashine inayopokea sinema na kuzigawia spika sauti. Nilishuka kuijaribu tena, maana jioni ilinitia aibu. Iliwaka, picha ikaja, sauti haikuja. Nikahesabu hadi kumi na nane ndipo nikasikia ule mlio wake, "tk", spika zikaamka. Mwaka jana nilikuwa nahesabu hadi sita.

Wewe unazijua mashine hizi, sina haja ya kukutajia ni ipi. Ni ile yenye kadi nyuma, yaani bodi za ndani zinazoweza kuchomolewa na kubadilishwa. Nilipoinunua mwaka 2012, aliyeniuzia aliifungua kifuniko mbele yangu, akanionyesha kadi zilivyosimama kama vitabu kwenye rafu, akaniambia: "Hii ni ya maisha. Mambo yakibadilika, utabadilisha kadi tu." Kadi tu. Nayakumbuka maneno hayo kuliko bei, na bei naikumbuka sana.

Sisemi alidanganya moja kwa moja. Kadi ilikuja, mara moja. Dolby Atmos, ile sauti inayokujia hadi kutoka juu ya kichwa, ilipoingia majumbani 2014 nilivumilia, baadaye nikaletewa bodi yenye Atmos na HDMI 2.0, toleo la ile njia ya waya ya picha na sauti, na HDCP 2.2, kinga yake dhidi ya kunakili, juu yake. Nikatoboa dari, nikaweka spika nne. Nilijiona mjanja kweli, wenzangu wanauza mashine nzima kwa hasara na mimi nafungua skrubu sita. Kisha mwishoni mwa 2017 ikatolewa rasmi HDMI 2.1. Nikauliza kadi yake. Subiri. Nikauliza tena. Subiri. Mwisho nikapata barua pepe ya mistari mitatu: toleo lako limesitishwa, vipuri havitengenezwi tena, tunakushauri uangalie toleo jipya. Nimeliangalia hilo toleo jipya. Nalo lina kadi nyuma.

Kijana wangu ananiambia nimechelewa. Mashine yake ya michezo inatoa picha ya 4K kwa fremu 120 kwa sekunde, na kwangu njia ni ya gigabiti 18 kwa sekunde wakati HDMI 2.1 inafika 48. Kwa hiyo ameichomeka moja kwa moja kwenye runinga, na sauti inarudi kwangu kwa ARC, njia ya kurudisha sauti kutoka kwenye runinga kwa waya wa HDMI. Si eARC, ile mpya iliyo pana zaidi, ni ARC ile ya zamani, kwa hiyo inakuja imebanwa. Anasema anasikia tofauti. Simwamini, lakini jana nilikaa kusikiliza mlango ukiwa nusu wazi, na nadhani naisikia pia.

Lakini mimi na michezo wapi na wapi? Mimi natazama sinema, na sinema ni fremu 24. Diski ya 4K inapita kwenye gigabiti 18 bila shida yoyote. Sauti za kwenye diski, TrueHD inafunguka yote, DTS-HD inafunguka yote. Kutoka pale ni waya za sauti za XLR hadi kwenye amplifaya, na amplifaya zina umri uleule na hakuna anayezisema vibaya. Spika ni kongwe kuliko zote. Mbona hizo haziitwi za kizamani? Kiwiliwili chote kizima, eti kichwa tu ndicho kizee. Na hicho kichwa ndicho niliambiwa nitakibadilisha kadi tu.

Fundi aliifungua mwezi uliopita. Kapasita za pawa saplai, vile vipande vinavyotuliza umeme ndani ya mashine, zimechoka, hizo anaweza kubadilisha. Bodi ya HDMI akaitazama tu, akafunga kifuniko. Ikifa hiyo, alisema, hakuna pa kupata nyingine. Nilimuuliza itadumu muda gani, akanijibu kwamba inaweza kuwa wiki, inaweza kuwa miaka mitano. Nikamlipa.

Hapa sasa ndipo pananipa shida, na sijui kama ni swali la safu yako. Siku ile ya 2012 mke wangu hakutaka. Hakugomba, ila aliuliza: "Na baada ya hii?" Nikamjibu kwa maneno ya yule yule muuzaji, kwamba hii ndiyo ya mwisho, nitakuwa nabadilisha kadi tu. Nilimwapia. Miaka yote hii hajanikumbusha. Sasa jioni hii sauti ilipokataa, wageni wamekaa, mimi nimepiga magoti nyuma ya rafu na tochi mdomoni, akasema kwa upole kabisa: "Si ununue nyingine tu?"

Nilikasirika, kaka. Mbele za watu. Nilimwambia haelewi, kwamba hizi si redio. Akanyamaza. Walipoondoka akaniambia jambo ambalo ndilo limeninyima usingizi, si zile sekunde kumi na nane. Alisema yeye haisikii hiyo besi ninayoisifia, kwenye kiti chake inavuma tu, maneno yanamezwa, na ndiyo maana siku zote anakaa chini kwenye zulia. Mimi nilidhani anapenda zulia!

Nikaenda kukaa kwenye kiti chake. Inavuma. Nilipopima chumba kwa kile kipaza sauti kidogo ili mashine ipange sauti, nilipima kila kitu kwa kiti changu, na mashine yangu inazihesabu sabufa mbili, zile spika za besi, kana kwamba ni moja. Hizi mpya zinapima viti vingi na kupanga kila sabufa peke yake. Najua, nimesoma maelekezo ya matumizi ya toleo lile jipya mara mbili, kurasa zote. Usiulize kwa nini nasoma maelekezo ya kitu nisichokitaka.

Sikitaki. Nataka hilo lieleweke. Nikinunua nitakuwa nimempa yule mtu ushindi mara ya pili kwa maneno yaleyale, na nimelivunja neno langu kwa mke wangu, ingawa mwenyewe kaniruhusu, na ruhusa yake inaniuma kuliko angenikatalia. Afadhali angesema "ulisema kadi tu", tukabishana. Nisiponunua, nabadilisha kapasita, nasogeza sabufa moja ukuta wa nyuma, pengine kiti chake kitatulia na tutafika mbali. Hilo la kusogeza sabufa ningeweza kulifanya wakati wowote tangu mwanzo. Lilinijia leo usiku.

Nimeshapima rafu lakini. Mpya inaingia, na juu inabaki nafasi ya vidole vinne kwa ajili ya hewa.

Nishauri. Usiniambie habari za 8K, runinga yangu si ya 8K na sina mpango huo. Niambie kama mtu mwenye akili timamu angetengeneza au angenunua, na kama ni kununua, je, zipo ambazo hazina ahadi yoyote nyuma, sanduku lililofungwa, likifa limekufa? Na huyu mama nimwambieje. Naanzia kwenye kiti au naanzia kwenye kadi?

Nakuomba ujibu mapema. Kuna mtu aliona picha za mashine yangu nilipoziweka wiki iliyopita, niliziweka kupima upepo tu, na anasema atakuja kuichukua Jumamosi. Ameniuliza kama kadi bado zinapatikana. Sijamjibu.

Msomaji wako, nisiye na usingizi