Wazazi waelezwe ukweli kuhusu kuhamia vyuo vikuu vya Marekani

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme jambo linalowahusu wazazi ambao watoto wao wamemaliza kidato cha sita na wanajiandaa kwenda kusoma Marekani. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na kwa muda mrefu nimekuwa nikiwashauri wanafunzi kuhusu masomo ya juu. Kila msimu wa udahili nasikia baadhi ya mawakala wa vyuo vya nje wakitoa ushauri uleule: kijana akubali chuo chochote kitakachompokea, alipe ada ya mwaka mmoja, ajitahidi kupata alama nzuri, na mwaka wa pili atahamia Harvard, Princeton au Stanford. Mzazi anauza kiwanja ili mwaka huo wa kwanza upite, akiamini kwamba baada ya hapo ufadhili utaubeba mzigo uliobaki. Ushauri huu unaziumiza familia, na wanaoutoa wangeuacha kama wangesoma masharti ya vyuo wanavyovitaja.

Kwanza, nafasi zenyewe ni chache mno. Chuo cha aina hii hudahili wanafunzi wa mwaka wa kwanza kulingana na idadi ya vitanda vilivyopo, na kwa kuwa karibu wote wanaoanza humaliza, kinachobaki kwa anayetoka chuo kingine ni kidogo sana. Princeton iliacha kupokea wanaohama mwaka 1990 na haikurudi kuwapokea hadi mwaka 2018. Ilipofungua tena, waombaji walizidi 1,400 na waliokubaliwa walikuwa 13, tena chuo kilikuwa kimetangaza kwamba kinawatazama zaidi wanafunzi wa familia zenye kipato kidogo, waliotumikia jeshi la Marekani na wanaotoka vyuo vya jamii vya miaka miwili. Harvard nayo mwaka 2008 ilisitisha uhamisho kwa miaka miwili kwa sababu mabweni yalikuwa yamejaa. Kijana wa Tanga au Mombasa anaweza kupata alama za juu katika kila somo, na bado mlango ukafungwa kwa sababu ya vitanda.

Pili ni kalenda, na hapa ndipo wengi hushtuka. Mwanafunzi hufika chuoni Agosti. Harvard, Yale na Princeton hufunga maombi ya kuhama mwanzoni mwa Machi. Maana yake ni kwamba anayetaka kuhama baada ya mwaka wa kwanza anaomba akiwa na matokeo ya muhula mmoja tu, na katika muhula huo anatakiwa awe amewapata wahadhiri wawili wanaomfahamu kiasi cha kumwandikia barua, ilhali kozi nyingi za mwaka wa kwanza katika vyuo vikubwa hufundishwa katika kumbi za mamia ya wanafunzi na kazi husahihishwa na wasaidizi. Kwa kuwa matokeo ya chuo ni haba, wanaochambua maombi hurudi kwenye rekodi ya sekondari, yaani matokeo yaleyale ya NECTA na barua ileile ya mkuu wa shule ambazo mwaka uliotangulia hazikutosha. Nimewahi kuletewa fomu hizi mwishoni mwa Februari na mzazi aliyezichapisha kwenye kibanda cha stesheni, mtoto akiwa ng'ambo anapiga simu usiku kuuliza kama muhuri wa shule umeshagongwa. Niliijaza ile niliyopaswa kuijaza. Lakini nilijua, na ilinisikitisha, kwamba hakuna jipya ambalo mtoto yule alikuwa amepata muda wa kulionyesha.

La tatu, na kwangu ndilo zito kuliko yote, ni fedha. Ufadhili unaotolewa na chuo ni wa chuo hicho. Mwanafunzi akihama, unabaki pale alipotoka. Harvard na Princeton, kusema haki, hutoa msaada kwa kutazama hali ya familia hata kwa mgeni anayehama, lakini ndizo hizohizo zenye nafasi za kuhesabu kwa vidole. Kwingineko sharti ni gumu zaidi. Stanford huzingatia uwezo wa kulipa inapomchagua mwanafunzi wa kigeni, na mgeni ambaye hakuomba msaada wakati wa kuomba nafasi hawezi kuuomba tena kwa miaka yote atakayokuwa pale. Kwa hiyo wakala anayemwambia mzazi asijaze sehemu ya msaada wa fedha ili mtoto akubaliwe kwa urahisi, kisha waombe baadaye, anamfungia mtoto huyo mlango kwa mkono wake. Kuna pia suala la viza. Chuo cha kwanza lazima kihamishe rekodi ya mwanafunzi katika mfumo wa serikali uitwao SEVIS, na chuo kipya kitoe hati mpya ya I-20, ambayo haitolewi mpaka familia ionyeshe upya uthibitisho wa fedha. Na krediti, yaani vipimo vinavyohesabiwa kuelekea shahada, za kozi alizokwishasoma na kuzilipia si lazima zikubaliwe zote, hivyo huenda akalipia muhula wa ziada.

Sisemi kwamba hakuna anayehama. Cornell hupokea mamia ya wanaohama kila mwaka. Mfumo wa vyuo vikuu vya umma vya California, ikiwemo Berkeley na UCLA, hupokea maelfu, ila huwachukua hasa wanaoingia mwaka wa tatu, hutanguliza vyuo vya jamii vya jimbo hilohilo, na hauna msaada wa fedha unaotegemea hali ya familia kwa wageni. Watu hupenda kumtaja Barack Obama, aliyetoka Occidental College na kwenda Columbia mwaka 1981. Ni kweli, lakini alihama baada ya miaka miwili, naye ni raia wa Marekani ambaye hakuhitaji viza wala I-20.

Kwa vijana wetu, mfano wa baba yake unafaa zaidi, ingawa hausemwi sana. Mkenya huyo alifika Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1959, akamaliza shahada ya kwanza hukohuko mwaka 1962, ndipo akaenda Harvard kusoma uchumi katika ngazi ya juu. Njia hiyo bado ipo na ni pana kuliko ya kuhama. Programu nyingi za uzamivu katika vyuo hivi humlipia mwanafunzi ada na kumpa posho, awe raia au mgeni, na anayeomba anakuwa na miaka minne ya matokeo pamoja na wahadhiri waliomfundisha kwa kina.

Ombi langu kwa wakuu wa shule na wenzangu tunaoshauri wanafunzi ni hili: kabla hatujasaini fomu ya mtoto anayekwenda Marekani, tumwite mzazi na tumwombe atuonyeshe barua ya chuo kinachomchukua mtoto sasa, si kile anachokitamani mwakani. Tusome naye iwapo msaada ulioandikwa humo ni wa mwaka mmoja au wa miaka minne, na masharti ya kuuendeleza ni yapi. Kama familia haiwezi kumsomesha hapo mpaka amalize, basi mtoto asipelekwe, aombe vyuo vya hapa nyumbani au asubiri mwaka mmoja aombe upya akiwa mwombaji wa mwaka wa kwanza, kwa sababu akishajiandikisha kusomea shahada katika chuo kingine, vyuo hivyo humhesabu kuwa mwombaji wa kuhama.

Mwalimu wa sekondari,
Tanga