KUH: PlayStation yangu iliyorudi bila diski yake ya ndani ya kuhifadhia, na aibu mliyonitia kaunta

Lamu

Kwa Meneja,
Idara ya Ukarabati,
Malindi.

Bwana Meneja,

Baada ya salamu. Naandika kwa adabu kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, lakini nisikufiche, hii ni barua ya nne. Tatu za mwanzo nilizichana kwa maneno yaliyokuwamo.

Jambo lenyewe ni ile PlayStation 4 niliyowaletea kwa basi katika kumi la kwanza la Ramadhani, nikaja kuichukua mwenyewe katika kumi la mwisho. Nambari ya risiti mnayo. Masharti yaliyochapwa nyuma ya risiti mnayajua kunishinda, hasa lile linalosema kazi ya ziada haifanywi mpaka mteja apigiwe simu na akubali. Mimi sikupigiwa na mtu.

Tuliafikiana kitu kimoja tu: kubadilisha tundu la HDMI, lile la kebo inayopeleka picha kwenye televisheni, shilingi 3,500. Wala sikuwa nabahatisha. Mashine ilikuwa ikiwaka vizuri, taa inaanza buluu kisha inageuka nyeupe, feni inazunguka, pedi ya kuchezea inashika, lakini televisheni inaandika hakuna mawimbi. Nikabadilisha kebo. Nikaihamishia tundu la pili la televisheni. Nikaibeba mashine mpaka kwa jirani, nikaiunga kwenye televisheni yake, kiza vilevile. Nikaizima kabisa, nikakishikilia kitufe cha kuwashia mpaka mlio wa pili, kama sekunde saba hivi, iingie hali salama, ile ya kuwaka kwa mambo ya msingi tu ili itengenezwe. Hata huko picha haikutoka. Mtu anayezijua mashine hizi akifika hapo hahitaji kuelezwa zaidi. Hali salama haitegemei gemu wala sevu, zile kumbukumbu za mchezo ulipofikia, na picha yake hutoka kwa kiwango cha chini ambacho televisheni yoyote huipokea. Kama nayo haionekani, ubovu uko njiani, baina ya mashine na kioo. Nikamulika ndani ya tundu kwa tochi ya simu. Mna pini 19 mle ndani, na mbili zilikuwa zimelala zimegusana. Mtoto alijikwaa kwenye kebo, hilo silifichi.

Yote hayo niliyaandika kwenye karatasi, nikaikunja, nikaifunga kwa selotepu, nikaiweka juu ya mashine ndani ya boksi. Karatasi ile nimerudi nayo nyumbani. Selotepu haijabanduliwa.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Mlinipigia mkasema iko tayari, njoo. Mimi na mwanangu wa miaka kumi na miwili tulipanda boti ya kwanza baada ya swala ya alfajiri, tukavuka hadi Mokowe, tukapanda basi, Hindi, Witu, Garsen, jua na vumbi, sote wawili tumefunga. Tumefika kwenu adhuhuri imeshapita. Kwenye kaunta nikapewa bili ya shilingi 7,000. Tundu, 3,500. Usafi, 1,500. Programu, 2,000. Nikauliza kwa sauti ya chini kabisa, programu gani, mbona hatukusikizana? Fundi wenu hakunijibu. Aliingia ndani, akatoka na kibano mkononi, na kwenye ncha ya kibano kulikuwa na kombamwiko aliyekauka. Akamwinua juu, juu ya kichwa chake, ili na walio nyuma wamwone. Akasema, "Mama, hawa mnawafuga huko kwenu? Hawa ndio waliokula gemu zenu." Watu wakacheka. Walikuwa wengi dukani siku ile.

Nililipa. Niliogopa kukosa basi la kurudi, na koo lilikuwa limenikauka siwezi kubishana. Naomba mlielewe hilo: nililipa kwa sababu hiyo, sikulipa kwa kuwa nimeridhika. Niliomba mashine ijaribiwe kwenye televisheni yenu kabla sijaondoka, kama masharti yenu yanavyosema, nikaambiwa foleni ni ndefu, wacheni wengine wahudumiwe.

Tumefika Lamu usiku. Mwanangu hakungoja hata kula. Akaiunga, picha ikatoka, nami nikashukuru Mungu. Kisha nikaona mashine inauliza lugha. Inauliza saa na tarehe. Inauliza intaneti. Maswali ambayo PlayStation huuliza siku ya kwanza inapotoka dukani. Akaunti hakuna, gemu hakuna, sevu hakuna. Timu ya mpira aliyoanza kuijenga mwanangu ndani ya gemu alipokuwa darasa la nne, haipo. Ligi ya watoto wa mtaa, misimu minne, matokeo yote, haipo. Aliangalia kioo kimya kwa muda mrefu, kisha akaiweka pedi chini polepole kama kitu kinachoweza kuvunjika, akaenda kulala.

Sijaingia bado kwenye kubwa. Diski iliyokuwamo ndani ya mashine ile niliinunua mwenyewe, ya terabaiti moja, na niliiweka kwa mkono wangu. Si kazi ngumu: unatelezesha kifuniko, unafungua skrubu moja yenye zile alama nne za pedi, unavuta. Kabla ya kuituma mashine niliipiga picha diski hiyo, lebo na nambari zake zote zinasomeka. Usiku ule, baada ya mtoto kulala, nilifungua mipangilio nikatazama hifadhi. Nafasi yote iliyomo haifiki hata jigabaiti 500. Nikazima, nikachukua bisibisi, nikaivuta diski. Si yangu. Lebo nyingine, nambari nyingine, na pembeni ina mikwaruzo ya kitu kilichofunguliwa na kufungwa mara nyingi.

Fundi wenu, nilipompigia asubuhi yake, alisema kufuta ni kawaida, kila mashine inayoingia kwenu hufutwa. Bwana Meneja, hebu tulipime neno hilo pamoja. Ili aifute mashine kwa chaguo la 6 la menyu ya hali salama, ni lazima aione menyu. Ili aione menyu, ni lazima tundu liwe limeshatengenezwa. Na tundu likishatengenezwa, picha imerudi, kazi niliyoleta imekwisha. Sasa alikuwa anafuta ili kutibu ugonjwa gani? Mimi jibu moja tu ndilo ninaloliona. Diski ngeni iliyo tupu haiwaki mpaka mashine ipakiwe mfumo mzima upya kutoka kwenye flashi, chaguo la 7. Hapo ndipo lile neno "programu" kwenye bili lilipopata maana. Mlinitoza shilingi 2,000 za kuweka mfumo kwenye diski ambayo sikuwaomba muiweke.

Simwiti mtu mwizi. Nasema diski yangu iliingia kwenu na haikutoka.

Niliandikia nambari yenu ya huduma kwa wateja. Nilijibiwa nizime niwashe. Nikazima nikawasha. Nikaambiwa nishikilie kitufe mpaka mlio wa pili, nichague la 5, la kujenga upya hifadhidata. Nalo nikalifanya, ingawa najua lile hupanga upya orodha ya vilivyomo, na ndani hamna kitu cha kupangwa. Siku ya tatu nikaambiwa nichomoe kebo ya stima nihesabu mpaka kumi. Nikawatumia picha ya diski yangu na picha ya hii iliyomo, zimewekwa sambamba. Ujumbe umesomwa. Jibu hakuna hadi leo.

Na narudi kwenye kaunta, maana sijaimaliza. Nilisema watu walicheka. Sikusema kwamba yule kombamwiko alipomaliza kuonyeshwa hakutupwa. Fundi alimshusha akamweka juu ya risiti yangu, mbele yangu, na mguu wake mmoja uliovunjika ukabaki umelala juu ya tarakimu ya 7,000. Kisha akaniambia, "Tia sahihi hapo, mama." Nikatia sahihi kando ya mdudu. Mwanangu alikuwa amesimama ubavuni mwangu na mfuko wa pedi begani. Ana miaka kumi na miwili, siku hizi hataki hata kushikwa mkono barabarani. Siku ile alinishika mkono mwenyewe, akainamisha uso, na hakuuinua mpaka tumefika stendi. Nimefunga, midomo imekauka, mtu niliyemzidi umri anainua mdudu juu ya kichwa chake na kuniuliza kama nawafuga kwangu, na hapana mfanyakazi wenu hata mmoja aliyesema wee, muache mama wa watu. Mmoja wa wateja waliocheka ni mtu wa huku kwetu. Boti haijafunga gati, habari zilishafika mtaani kwetu Langoni. Siku ya pili mteja mmoja wa chumba changu cha gemu akaniuliza, eti ni kweli mashine zangu zina wadudu?

Mende hupenda joto. Mashine inayowashwa mchana kutwa ni joto tupu, hasa pale kwenye kifaa cha umeme, na pwani yote hii hakuna nyumba wala duka lisilo na mende. Fundi mwenye heshima husafisha kwa brashi, hukuita kando, hukwambia kwa upole weka dawa na inua mashine isikae sakafuni. Ningemshukuru na ningelipa hizo 1,500 kwa moyo mkunjufu.

Mnajua mimi mashine hizi si za kuchezea tu. Chumba changu kina mbili, watoto hulipa shilingi 20 kwa mechi, na hiyo ndiyo ada ya shule na ndiyo unga. Idi ya Mfungo Mosi ndiyo siku yetu kubwa. Watoto huja na pesa za mkono wa Idi zimebanwa kwenye kiganja, hujaa chumbani mpaka nje kwenye daka. Niliwaambia hivyo nilipowapigia mara ya kwanza, mkanihakikishia nitakuwa nayo kabla ya sikukuu. Nilikuwa nayo, ndiyo, mashine tupu. Gemu nilizonunua inabidi zipakuliwe upya, na moja la mpira la siku hizi hupita jigabaiti 40. Kwa bando la simu. Idi yote nimefanya kazi na mashine moja, na watoto nimewaona kwa macho yangu wakiondoka kwenda kwa mwingine.

Mwanzo nilikusudia kuwadai vitu viwili: diski yangu na shilingi 3,500 mlizozidisha. Kama mngejibu ule ujumbe, mambo yangeishia hapo. Sasa hayaishii hapo. Nataka diski yangu yenyewe, yenye nambari iliyo kwenye picha, si ya kufanana nayo. Isifutwe, na kama imeshafutwa mniambie kwa maandishi ni nani aliyeifuta na lini. Nataka shilingi 7,000 zote, kwa sababu kazi niliyoiafiki imechafuliwa na nisiyoiafiki. Nataka nauli yetu sisi wawili kwenda na kurudi, gharama ya bando la kupakua gemu upya, na fidia ya siku tatu za sikukuu, ambayo daftari langu la mapato ya Idi zilizopita litaionyesha bila mimi kuongeza senti. Na nataka barua ya kuomba radhi, yenye mhuri wa duka na sahihi ya fundi yule. Isiandikwe "kama ulikwazika". Iandikwe alichokifanya.

Nawapa siku saba. Nilipoanza barua hii nilikuwa nimeandika kumi na nne, nimezikata.

Zikipita, risiti, picha zote mbili, bili na ujumbe wenu wa zima uwashe vitakwenda pamoja na mimi kituo cha polisi hapo hapo Malindi, kuripoti mali iliyopotea mikononi mwenu. Kutoka hapo nitafungua kesi Mahakama ya Madai Madogo. Kiwango chake ni hadi shilingi milioni moja, na mtu anaruhusiwa kujisimamia mwenyewe bila wakili. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinanipa haki ya huduma yenye ubora unaofaa na fidia ya hasara, na iko Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Nimezisoma zote mbili usiku wa manane, kwa sababu usingizi sipati. Na siku ya kesi nitamwomba mwanangu aeleze mwenyewe alichokiona kwenye kaunta.

Jambo la mwisho. Diski msiitume kwa basi, wala msinipigie simu nije kuichukua. Fundi aliyeitoa ailete kwa mkono wake. Apande basi la alfajiri, apite Garsen na Witu, avuke maji kutoka Mokowe kama nilivyovuka mimi, aje mpaka Langoni, aifunge kwenye mashine mbele ya mwanangu, na hilo la kuomba radhi amwambie yeye kwanza.

Wenu,
Mteja wa risiti mnayoijua,
Langoni, Lamu.