Kwa Somoe, kuhusu udongo wa Fukushima

Shangani, Mtwara

Shoga yangu Somoe,

Salaam nyingi. Huku tu wazima, joto tu ndilo linalotumaliza. Barua yako niliisoma darasani wanafunzi wakifanya mtihani.

Umeuliza inakuwaje vipimo viwili vya mionzi vya shamba moja kule Fukushima, Japani, kwenye ule mtambo wa nyuklia uliopata ajali, vipishane mara tatu. Wewe bibi shamba utanielewa upesi: inategemea jembe limeingia kiasi gani. Sesiamu, ile sumu yenye mionzi iliyotoka mtamboni, ikishushwa na mvua hunata kwenye chembe za mfinyanzi, na shamba lisipolimwa sehemu kubwa hubaki kwenye sentimita 5 za juu. Tuseme umechota udongo huo, maabara ikakupa bekereli 3,000 kwa kilo (bekereli ndiyo kipimo cha mionzi). Mita moja ya mraba kwa kina hicho ina takriban kilo 65 za udongo mkavu, kwa hiyo mita hiyo imebeba bekereli 195,000. Mwenzako akichimba palepale sentimita 15, anachanganya na udongo safi wa chini, anapata 1,000 kwa kilo. Hakuna aliyedanganya. Mimi namba ya kwa kilo isiyotaja kina siipokei hata ikija na mhuri. Na kama udongo haukukaushwa, maji nayo yamepimwa humo.

Uulize na tarehe. Baada ya ajali ya Machi 2011, aina mbili za sesiamu, sesiamu-134 na sesiamu-137, zilianguka karibu sawasawa. Ya kwanza hupungua nusu kila miaka 2, ya pili kila miaka 30. Miaka miwili tu, zaidi ya robo ya jumla yao imeondoka bila mtu kugusa shamba. Iodini-131, nayo ya mionzi kutoka ajali hiyohiyo, ndiyo usiseme, siku 8 nusu imekwisha.

Kuhusu ramani, duara la kilomita 30 kuzunguka mtambo halikutosha. Ni kama salfa ya mikorosho, upepo ukigeuka inatua kwa jirani. Kijiji cha Iitate kiko kama kilomita 40 kaskazini-magharibi, lakini wingu la mionzi lilipita huko na mvua na theluji zikalishusha, watu wakaja kuhamishwa baadaye. Ndiyo maana walipima kwa ndege kwanza, kisha wakachimba sampuli nyingi chini kuhakikisha.

Sasa mpunga. Mwaka 2011 Wajapani waliruhusu kupanda penye udongo usiozidi bekereli 5,000 kwa kilo. Walikadiria kwamba mchele hautabeba zaidi ya moja ya kumi ya kilichomo udongoni, na kikomo cha chakula wakati huo kilikuwa 500. Hesabu nzuri, ila msimu uleule mchele wa baadhi ya mashamba yaliyoruhusiwa ukazidi 500! Ilikuja kuonekana kwamba udongo wenye potasiamu kidogo huiachia mimea sesiamu zaidi, maana mizizi huzichukua kwa njia moja. Wakaanza kumwaga mbolea ya potasiamu, na mwaka 2012 kikomo cha chakula kikashushwa hadi 100.

Kwa hiyo lile swali lako la muhogo: kiasi kilekile kikianguka kwenye mchanga wetu wa mikoroshoni na kwenye mfinyanzi wa bondeni kwenu, mimi ningehofia zaidi muhogo wa mchangani. Mfinyanzi huishika sesiamu, mchanga huiachia.

Nisalimie mama na watoto. Ukipata gari la kuja huku, nifungie karanga za Nachingwea, za dukani hapa zimevunda.

Wako,
Zuhura